Kukimbia mlimani ukiwa Arusha au Moshi: usiulize kilomita ngapi, uliza unapanda mita ngapi

Mtu akitaka kuanza mbio za mlimani huku kwetu swali lake la kwanza ni njia ina kilomita ngapi, ukimwambia nane anasema aah hizo ndogo mbona, mimi jumamosi napiga kumi na tano za lami bila shida. Anatoka nyumbani saa tatu asubuhi na chupa moja ya maji, saa nane mchana bado yuko juu huko anatafuta pa kushukia. Kwahiyo kabla sijataja njia hata moja tukubaliane hili kwanza, mlimani kilomita peke yake hazikwambii kitu, kinachokwambia ukweli ni mita unazopanda, hali ya njia yenyewe na masaa ya mwanga uliyonayo.

Hesabu yake nyepesi sana na wakimbiaji wa milimani wanaitumia sehemu nyingi, kila mita 100 unazopanda ziongeze kama kilomita 1 nyingine. Chukua mfano wa Moshi mjini mpaka geti la Mweka la kuingilia Hifadhi ya Kilimanjaro, barabara ni kama kilomita 14, mji uko mita 800 na kitu kutoka usawa wa bahari na geti liko mita 1,600 na ushee, maana yake umepanda kama mita 800, hizo ni kilomita 8 za ziada, yaani mwili unalipia 22 na hapo hujaanza kurudi. Ukishajua hivo huwezi kwenda na maji nusu lita.

Alafu kuna hesabu ya pili ambayo mimi naiona muhimu kuliko hiyo ya kwanza, nayo ni ya muda. Kuna kanuni ya zamani ya wapanda milima, ya Mskoti anaitwa Naismith, aliitoa mwaka 1892, inasema mtu anayetembea anahitaji kama saa moja kwa kila kilomita 5 na saa moja nyingine kwa kila mita 600 anazopanda. Utasema mimi nakimbia sitembei, sawa, lakini siku ukiteguka kifundo cha mguu ukiwa katikati ya msitu utarudi kwa kutembea, tena kwa kuchechemea. Panga safari yako kwa kasi ya mtu anayetembea, ukimaliza mapema kwa kukimbia ni faida yako. Ukipanga kwa kasi yako nzuri ya siku njema ndo pale giza linakukuta korongoni.

Mwinuko unaupata wapi? Kwenye simu kuna programu za ramani za bure zinazochukua data za OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, zina mistari ya kontua, yaani mistari ya kuonyesha mwinuko, mistari ikibanana ujue hapo ni mwinamo mkali, ikiachana ni tambarare. Ipakue ukiwa nyumbani kwenye waifai maana ukiingia kwenye makorongo mtandao unakata na bando lako halitakusaidia. Na hata ukiwa na ramani muulize mwenyeji, ila uliza vizuri, usiulize "ni mbali?" maana mtu anayepanda huko kila siku na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani ana kipimo chake cha mbali, uliza "nikitembea nafika saa ngapi" na "kuna mto wa kuvuka?" na "saivi kuna tope?". Hayo matatu yanakupa zaidi ya ramani.

Sasa sura ya milima yetu. Hii watu hawaielewi mpaka iwatese. Mito ya Kilimanjaro upande wa kusini inashuka kutoka juu kwenda chini na imechimba makorongo marefu, Kikafu, Weruweru, Karanga, Rau, na kati ya mto na mto kuna mgongo ambao juu yake ndo kuna vijiji, vihamba (mashamba ya migomba na kahawa ya ukoo) na barabara ya kupanda. Ukikimbia kufuata mgongo mmoja, labda kutoka chini kwenda juu Kibosho au Uru, unapanda mpando mmoja mrefu, unageuka, unashuka, huwezi kupotea kirahisi. Ukiamua kukatisha kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine, kwenye ramani unaona ni kilomita mbili tu kwa macho, kumbe kuna korongo la kushuka mpaka mtoni na kupanda upande wa pili kwa njia ya ng'ombe yenye utelezi. Ukikatisha makorongo matatu umeshapanda mita nyingi kuliko aliyeenda mpaka geti la hifadhi na kurudi, na kila korongo ukifika chini hakuna mtandao. Mlima Meru wa Arusha nao uko hivo hivo upande wa mjini. Kwahiyo mtu anayeanza afuate mgongo, kukatisha mabonde kuje baadae, ukiwa na mwenyeji na miguu imeshazoea.

Jambo lingine ni kwamba huu mlima una wenyewe, na kila ngazi ina mwenyewe tofauti. Chukua Meru, mji wa Arusha uko kama mita 1,400, kilele kiko mita 4,566. Ukitoka mjini unapita makazi na mashamba ya watu, hapo uko chini ya serikali ya kijiji. Ukipanda unakuta mashamba ya miti ya kupandwa, mipaina na mikaratusi, hayo yana taasisi zake. Juu yake ni msitu wa asili ambao ni Hifadhi ya Taifa Arusha chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na hapo huingii kwa kujichomekea tu kwa sababu umeona kanjia. Kilimanjaro ni vivyo hivyo, hifadhi ya taifa ilianzishwa 1973 na tangu 2005 msitu nao umeingizwa ndani ya hifadhi. Kanjia kanakopita msituni kanaweza kuwa ka wachoma mkaa au wakata mbao, ukikutwa huko bila kibali utajieleza mpaka jioni, na mbaya zaidi ukipata ajali hakuna anayejua uko huko. Nyinyi mnaopenda mlima muwe wa mbele kuheshimu mipaka yake, kuna chemchemi za kijiji kizima zinategemea ule msitu ubaki umetulia.

Haya njia zenyewe, nianze na Arusha.

Kwa anayeanza kabisa nenda Ziwa Duluti, Tengeru, unapanda daladala za kwenda Usa unashuka Tengeru unaingia kulia kwa miguu. Ni ziwa la kreta limezungukwa na msitu mdogo unaosimamiwa na TFS, wakala wa misitu wa serikali, kuna ada ya kuingia pale getini, na kuna njia inayozunguka ziwa chini ya miti. Ni fupi, unaweza kuizunguka mara kadhaa, ina mizizi, ina vipando vidogo vidogo, sehemu nyingine inateleza, yaani ni darasa zuri la kujifunza kuweka mguu bila kuhangaika na mwinuko mkubwa. Utakutana na kenge wamelala njiani, wapishe tu watakimbia wenyewe.

Ila kama unaniuliza mimi njia ipi mtu ajenge nayo mwili, ni upande wa Ngaramtoni na Olmotonyi. Huko kuna mashamba ya miti kwenye mteremko wa magharibi wa Meru, kuna Chuo cha Misitu Olmotonyi ambacho kipo tangu 1937, kuna msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, na kuna shamba la Meru/Usa la TFS. Kwanini napapenda, barabara za shamba la miti zilichongwa ili lori la magogo liweze kupanda, kwahiyo mwinamo wake ni wa taratibu na zinazunguka mlima badala ya kuukwea wima, unakimbia muda mrefu bila kulazimika kutembea, chini kuna majani ya paina makavu magoti yanashukuru, na kivuli kipo hata saa nne asubuhi. Hewa ya huko na ule mwinuko wa Arusha wenyewe ndo maana wakimbiaji wengi wakubwa wa nchi hii wanajifua Arusha, Alphonce Simbu aliyeleta dhahabu ya marathoni ya dunia kutoka Tokyo 2025 ni mmoja wao.

Kwenye shamba la miti kuna mambo yake lakini. Pita kwanza ofisini ueleze unataka kufanya mazoezi, siku za kazi wanakuwepo, uliza ni vitalu vipi wanavuna wiki hiyo na usipite huko kabisa, mti unaoanguka hausubiri mkimbiaji na dereva wa lori lenye magogo akiwa anashuka hawezi kusimama ghafla. Ramani ya simu inaweza kukuonyesha njia katikati ya miti alafu ukifika unakuta kitalu kimevunwa chote, matawi na visiki vimejaa, njia haionekani. Pia utaona watu wanalima viazi na maharage katikati ya miche michanga, tunjia twao twingi tunaishia shambani tu hatuendi popote, ukiona njia inazidi kuwa nyembamba na inaelekea kwenye matuta geuka. Na zile kinga moto, yale mapito mapana yaliyofyekwa wima kupanda mlima, ni nzuri kwa mazoezi ya kupanda mara moja moja, lakini kushuka nazo wakati wa vumbi ni kuvunja magoti bure.

Upande wa kaskazini ya mji kuna Ng'iresi. Ni kijiji kwenye mteremko, kama kilomita 7 tu kutoka mjini, lakini kumbuka hesabu yetu. Unapanda katikati ya migomba, mahindi na kahawa, barabara ya udongo mwekundu ambayo kiangazi ni vumbi tupu na masika ni sabuni. Kuna kilima cha Kivesi chenye msitu juu, volkano ya zamani, na kijiji kina utaratibu wake wa utalii wa utamaduni siku nyingi, kwahiyo ukitaka mtu wa kukutembeza utampata hapo hapo na hela inabaki kijijini. Nashauri umchukue mara ya kwanza hata kama unajiona mwenyeji wa Chuga, yaani Arusha, atakuonyesha vijia vya kupita bila kukanyaga mashamba ya watu.

Maporomoko ya Napuru watu wanayapenda kwa picha, na kweli ni pazuri, lakini kwa mkimbiaji ni njia ya kutembea zaidi. Unashuka kwenye korongo, unafuata mto, unavuka maji, mawe yana utando wa kuteleza. Sheria ya korongo ni moja, usiingie kama juu mlimani kumenyesha au kuna wingu zito, hata kama mjini jua linawaka. Mvua ikinyesha juu maji yanakuja chini na wewe hujaona hata tone. Ukiona maji yamebadilika rangi kuwa ya matope, au yameanza kuleta vijiti na majani, toka mtoni panda ukingoni saa hiyo hiyo, usimalizie picha.

Meru yenyewe je, kilele? Njia ya kupanda inaanzia geti la Momella kama mita 1,500, unafika kambi ya Miriakamba mita 2,514, kambi ya Saddle mita 3,570, pembeni kuna Little Meru mita 3,820, alafu ndo kilele. Humo ndani lazima uwe na vibali na askari mwenye silaha, sababu ni nyati, na wapo kweli sio hadithi za kutishia watu. Watu wa kawaida wanatumia siku tatu mpaka nne. Usiende na mawazo ya kukimbia peke yako pale, unaenda kwa mwendo wa kundi na askari, na hata ungeruhusiwa bado kuna suala la hewa. Kuanzia kama mita 2,500 mwili wa mtu ambaye hajazoea unaweza kuanza kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, na ukilazimisha kupanda inakuwa ugonjwa wa kuua. Dawa yake ni kushuka. Sio kupumzika hapo hapo, kushuka.

Nasema hivi kwa sababu vijana wanasikia rekodi za Kilimanjaro wanachanganyikiwa. Ni kweli Mtanzania mwenzetu Simon Mtuy mwaka 2006 alipanda mpaka kilele cha Uhuru na kushuka bila kusaidiwa na mtu kwa masaa tisa na dakika kama ishirini, na Karl Egloff mwaka 2014 akafanya kwa masaa 6 na dakika 42, kupanda na kushuka mlima wa mita 5,895. Hawa ni watu wa milimani kwa kazi, miili yao ilishazoea urefu ule, wana timu na vibali. Tuwape heshima yao na sisi tuanze na Ngaramtoni.

Upande wa Moshi sasa. Ukitaka kivuli bila mpando kuna msitu wa Rau, karibu kabisa na mji, ni tambarare, una maji chini ya ardhi ndo maana miti yake ni mikubwa hivo, kuna ule mti wa msoo ambao ni adimu. Vaa viatu usivyovionea huruma, tope lipo hata kiangazi. Ukitaka mpando safi ni barabara ya Mweka niliyoitolea mfano, waliokimbia Kilimanjaro Marathon wanaijua, ule mpando ndo unaowanyima watu muda wao mzuri. Ukitaka mchanganyiko nenda Marangu, shuka Marangu Mtoni, kuna vijia vya kupanda na kushuka kwenye vihamba na maporomoko ya Kinukamori na Kilasiya. Materuni nako ni pazuri, ila wikiendi kumejaa wageni, njia ya kuelekea maporomoko ni nyembamba, pisha watu.

Kitu cha Uchagani ambacho wakimbiaji hawakitumii vya kutosha ni vijia vya pembeni ya mifongo. Mfongo ni mfereji wa kupeleka maji mashambani, na ili maji yatembee taratibu lazima uzunguke mlima karibu usawa, kwahiyo kijia cha pembeni yake kinakupa kilomita kadhaa za njia iliyo karibu tambarare katikati ya mlima ambapo kila kitu kingine ni kupanda au kushuka. Ila jamani kingo za mfongo ni udongo uliochimbwa kwa mikono na watu wa ukoo, zikibomoka maji yanapotea na kuna zamu ya mtu inaharibika. Pita upande wa ndani, usikanyage ukingo, usiruke ruke, kukiwa na tope acha kabisa. Na ukiona mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa kama uzio, huo ni mpaka wa kihamba cha mtu, uliza kabla hujakatiza.

Salamu. Hili sio la mapambo, ni usalama wako. Punguza mwendo ukikutana na mtu mzima, shikamoo mama, shikamoo babu, mwambie unafanya mazoezi unaenda mpaka wapi. Mtu anayekimbia kijijini kimya kimya na uso umekunjwa watu wanajiuliza anamkimbia nani. Aliyekusalimia ndo atakayesema "amepita hapa saa mbili na hajarudi". Kwa akina dada nashauri mwende wawili watatu, hasa kwenye mashamba ya miti ambako unaweza kwenda muda mrefu bila kuona mtu, na msitangaze mtandaoni njia na saa kabla hamjamaliza.

Mbwa ndo usumbufu mkubwa kuliko nyati kwa njia hizi za kawaida. Akikujia usiendelee kukimbia, simama, tembea taratibu ukimwangalia, inama kama unaokota jiwe, wengi wanarudi hapo hapo. Akikung'ata, hata mkwaruzo, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima alafu nenda hospitali siku hiyo hiyo ukapate chanjo ya kichaa cha mbwa, usisubiri uone mbwa atafanyaje, dalili zikishaanza hakuna matibabu tena.

Nyati au tembo ukimuona mbali rudi ulikotoka kimya kimya. Karibu na msitu asubuhi sana na jioni sana ndo wanatoka, kwahiyo njia za mpakani mwa msitu zikimbie jua likishachomoza vizuri. Kinyesi kibichi, kwato mpya kwenye tope, matawi yamevunjwa juu juu, hizo ni taarifa, zisome. Kona usizoona mbele piga makofi au ongea. Mbega na kima hawana shida ila usiwape chakula. Siafu ukiwakanyaga usisimame kujitoa hapo hapo, songa mbele kwanza utoke kwenye mstari wao. Ukifika nyumbani jikague kupe nyuma ya magoti na kiunoni.

Mavazi sitakaa sana. Raba yenye soli ya meno, basi, soko la mitumba la Memorial pale Moshi ukiwa na subira unapata viatu vizuri vya mlimani kwa bei ya kawaida, angalia soli haijalika na gundi haijaachia pembeni, iache nafasi ya kidole gumba mbele ya vidole maana ukishuka mguu unasogea mbele, na kata kucha. Begi dogo la mgongoni linalobana, ndani koti jepesi la mvua, filimbi, bandeji, tochi ya kichwani hata kama unatoka asubuhi, simu yenye chaji na pawabanki. Joto linapungua kama digrii 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, mwezi wa 7 Arusha ukungu unakaa mpaka mchana, ukiwa umelowa jasho na umesimama kwa sababu umeumia dakika kumi tu unatetemeka. Lile koti ndo linakuokoa.

Maji, kwa njia ya masaa mawili au matatu beba lita moja na nusu mpaka mbili. Usinywe ya mtoni moja kwa moja, juu yako kuna ng'ombe na watu, kama utalazimika kuchota weka vidonge vya kutibu maji usubiri muda ulioandikwa. Maji ya upande wa Meru pia yana madini ya floraidi mengi, ndo yanayofanya meno ya watu kuwa ya kahawia, na hayo hayatoki kwa kuchemsha, kunywa siku moja hakukuumizi lakini usiyafanye ndo maji yako ya kila mazoezi. Ya kuongezea nguvu tengeneza mwenyewe, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, kamulia limao. Chakula ndizi mbivu, tende, karanga, kiazi kitamu kilichochemshwa, anza kula baada ya dakika 40 hivi kabla njaa haijaja, ukisubiri njaa mlimani umechelewa.

Namna ya kupanda, tembea. Nasema kwa kumaanisha, wakimbiaji wazuri wa milimani wanatembea kwenye mpando mkali, hatua fupi, mikono kwenye mapaja unajisukuma, kifua wazi. Kipimo ni mdomo, kama huwezi kutamka sentensi moja nzima umezidisha. Kama umetoka Dar juzi tu usishangae kuhema hata kwenye kilima kidogo, jipe siku mbili tatu za mwendo mwepesi kwanza.

Kushuka ndo kunaumiza watu, na ndo sehemu wanayoidharau. Usiegemee nyuma, ukiegemea nyuma kisigino kinatangulia na kwenye udongo wa Meru ukilowa unaenda chini kwa makalio. Elekea mbele kidogo, magoti yakunjike, hatua fupi za haraka haraka, mikono iwe wazi pembeni kwa mizani, macho yaangalie mita tatu nne mbele sio kwenye vidole. Udongo wetu ni wa volkano, kiangazi juu kunakuwa na vumbi laini kama unga limefunika mawe, hulioni jiwe mpaka umelikanyaga, kwahiyo punguza. Masika, mwezi wa 3 mpaka wa 5, hasa wa 4, mimi nasema kaa na Rau, Duluti kama kumekauka, na barabara za changarawe, waachie makorongo mvua yao. Mwezi wa 6 mpaka wa 10 na wa 1 na wa 2 ndo muda wa njia ndefu.

Muda wa kugeuka upange nyumbani na uuandike. Jua huku linachomoza saa 12 na nusu hivi asubuhi na kuzama saa 12 na nusu hivi jioni, tofauti ni ndogo mwaka mzima. Ukitoka saa 1 asubuhi na umejipa masaa manne, saa 3 kamili unageuka hata kama kilele cha kilima unakiona pale. Ukungu ukishuka mpaka huoni miti ya mita 30 mbele, geuka kwa njia ile ile uliyojia, usijaribu mkato. Ukipotea usishuke kufuata mto ukidhani utakupeleka mjini, mito yetu inaingia kwenye makorongo yenye maporomoko, rudi kwenye mgongo, tafuta njia kubwa, piga filimbi mara tatu, pumzika, rudia.

Mwachie mtu ujumbe, umeanzia wapi, unapita wapi, saa ngapi ikifika hujaonekana aanze kuuliza. Namba za dharura ni 112 polisi na 114 zimamoto na uokoaji, ila kijijini msaada wa kwanza ni mwenyekiti wa kitongoji na bodaboda. Kwahiyo pale unapoanzia ongea na bodaboda mmoja wa kijiwe, chukua namba yake, mwambie unategemea kurudi saa ngapi, mpe kitu kidogo cha kukusubiria taarifa. Na beba hela taslimu, noti ndogo ndogo, mtandao ukikata huko juu hata kutuma elfu mbili kwa simu inagoma.